Robo Yangu ni Mabenchi

Sheikh aliposema kwamba mjane asiye na mtoto ana robo yake katika mali ya mumewe, shemeji yangu Adinani aliinamisha kichwa kwa adabu zote, akasema hakuna neno, Najiat atapewa robo yake. Kisha akanipa mabenchi.

Ni mabenchi ya mninga, aliyoyapiga misumari mume wangu Majidi kwa mkono wake. Kwa kuwa Majidi hakuwa fundi, kila benchi lina msumari unaochungulia na kuchana nguo za watu. Televisheni, deki, spika, maiki na flashi za filamu, vyote hivyo Adinani alivifanya robo tatu za ukoo, na ukoo kwa hesabu yake ulikuwa ni yeye. Mbele ya watu nilisema ahsante. Moyoni nilimtukana matusi ambayo sikujua kwamba nayajua.

Kibanda chetu kipo Kaliua, nyuma ya stesheni, pale reli ya Mpanda inapoachana na ile ya Kigoma. Treni ya Mpanda ina tabia zake, na abiria wake wamejaliwa subira ambayo mimi sina. Wanakaa juu ya magunia, wanatafuna karanga, wanalala, wanaamka, treni haijaja. Majidi aliishi kwa hao. Aliwafungulia kibanda umiza, akaziba madirisha kwa magunia ili pawe giza mchana kweupe, akawawekea filamu. Filamu ikiwa ya Kichina au ya Kihindi au ya lugha nyingine yoyote, yeye alikaa pembeni na maiki akiitafsiri.

Nasema akiitafsiri kwa kuwa ndivyo watu walivyosema. Majidi hakujua Kichina wala Kihindi, na Kiingereza chake kiliishia kwenye namba za viatu. Alichokuwa nacho ni mdomo. Aliwatazama watu wa kwenye kioo wakigombana, akawatia maneno ya Kaliua vinywani mwao, na watu walicheka hadi wengine wakaachwa na treni.

Kibanda kilikuwa na sheria zake, kila mtu wa mjini alizijua. Mwanamke mkuu wa filamu, awe Mchina awe Mhindi, anaitwa Kabula. Kabula akiliwa na chatu leo, kesho anafufuka akiwa polisi, na hakuna anayeuliza. Mtu mbaya wa filamu anapewa jina la mtu yeyote wa hapa mjini, na aliyetajwa haruhusiwi kununa, maana ule ni utani. Akinuna, watu wanaanza kujiuliza kama kuna ukweli ndani yake, na kwenye filamu inayofuata anatajwa tena, safari hiyo anaoa mbuzi. Muuza nyama wetu mmoja alishaoa mbuzi, na mpaka leo watu wanamwulizia hali ya shemeji yao.

Jambo ambalo Kaliua hawakulijua ni kwamba maneno yalikuwa yangu. Majidi alizitazama filamu kwanza chumbani kwetu, mimi nikisonga ugali, na mimi ndiye niliyesema yule anamwambia mwenzake arudishe sufuria, yule anadai mahari yake irudi kabla mchuzi haujapoa. Majidi alicheka akajishika mbavu, kisha akaenda kuyasema kwenye maiki, akashangiliwa yeye. Nilikisikia kicheko kupitia ukuta, nikajua ni changu, ikanitosha. Leo nikikumbuka kwamba ilinitosha, natamani nijizabe kofi.

Kisha malaria ikampanda kichwani, akafa. Sikupata hata nafasi ya kumgombeza.

Nikakaa eda. Chumba chetu na kibanda vinagawana ukuta mmoja, kwa hiyo nilikaa na kanga yangu nyeupe kitandani nikisikiliza upande wa pili kibanda kikifa nacho. Adinani alikuwa akija mara mojamoja kuwawekea watu filamu hivihivi, Wachina wakisema Kichina chao mwanzo mpaka mwisho. Siku za mwanzo watu waliingia kwa heshima ya marehemu. Baadaye nikawa nasikia benchi likivutwa, miguu ikitoka, mtu akisema, "Haina chumvi hii." Ningeweza kuitia chumvi kutoka hapo hapo nilipokaa. Nilijiziba mdomo kwa kanga.

Adinani naye alishapanga maisha yangu. Yeye ni mfanyabiashara wa asali, na kile chumba cha kibanda alikitaka kiwe stoo ya madebe yake. Mimi nitahamia kwake Igalula, nimsaidie mkewe jikoni, "na mengine tutayaangalia mbele ya safari." Alipoyataja hayo mengine alinitazama kuanzia miguuni. Kwetu hakuna wa kurudi kwake, wazazi wangu walishatangulia, na kaka yangu ana mke ambaye akiniona tu anaanza kuhesabu vijiko.

Alhamisi niliyotoka eda, wanawake waliniogesha, wakanivika kanga mpya, wakaniambia niwe na subira. Walipotoka tu, nami nikatoka. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Bundala, mwenye nyumba wetu, nikamkuta barazani akipaka mizinga yake nta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole tena."

"Baba, naomba chumba cha kibanda nibaki nacho mimi. Nitatafsiri."

Aliuacha mzinga. "Utatafsiri wewe? Mwanamke?"

"Mdomo ninao, baba."

"Huo sikatai kuwa unao." Akafikiri. Mzee Bundala si mtu mbaya, ila huruma yake haifiki kwenye mambo ya nyumba zake. "Sikiliza. Mimi chumba changu nataka kiwe na watu. Kikikaa kitupu, mchwa wanakula kenchi. Jumamosi jua likizama nitapita. Nikikuta watu, tutaongea. Nikikuta mabenchi matupu, Adinani ataingiza asali yake."

"Adinani anakuja na basi Jumamosi hiyo hiyo kuchukua vyombo."

"Hayo ni ya kwenu, mwanangu. Mimi nimesema ya nyumba."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Nilipewa Jumamosi moja, alasiri yake tu, na kama siyo chumba kile, basi ni jikoni Igalula.

Jumamosi nilifagia, nikamwagia maji sakafu, nikachagua filamu. Ilikuwepo moja ambayo Majidi aliileta kutoka Tabora mjini kabla tu hajaugua, ya kuchekesha, sijui ya nchi gani huko Asia. Tuliitazama pamoja mpaka katikati, kisha akasema anasikia baridi, akajifunika blanketi, na hatukuimalizia. Mwisho wake sikuujua. Lakini mwanzo niliujua, na mwanzo ule ndiko nilikomsikia akicheka mara ya mwisho. Nikasema twende na hiyo hiyo.

Treni ya Mpanda ilikuwa imechelewa, Mungu aibariki. Walikuja. Alikuja Egidi, kuli wa stesheni, ambaye hakuwahi kukosa filamu ya Majidi hata moja, akaja na makuli wenzake. Wakaja abiria, vijana wa bodaboda, na mama mmoja wa makamo kutoka Ulyankulu aliyejiita Inamahoro. Alikuwa na gunia lake la maharage, anakwenda Mpanda kumtazama binti aliyejifungua. Alikaa benchi la mbele akalikumbatia gunia kama mtoto mgonjwa. Aliniambia hajawahi kuingia kwenye kibanda cha namna hii, nimwonyeshe pa kutazama.

"Tazama pale kwenye kioo, mama. Mimi nitakwambia wanasema nini."

"Na DJ yuko wapi?" Egidi akauliza.

"DJ ni mimi."

Mtu mmoja nyuma akacheka puani. Nikawasha.

Kabula alitokea akiunguza wali. Mumewe, jitu la masharubu, likaingia likipayuka. Nikashika maiki, na hapo nikafanya ujinga: nikajaribu kuwa Majidi. Nilikohoa kikohozi chake kile cha kuanzia, nikapiga ile kelele yake ya "haya twende kaziii," nikashusha sauti chini mpaka koo likaniuma, nikawa natoa mlio wa chura aliyekanyagwa. Hakuna aliyecheka. Niliwaona kwa mwanga wa televisheni, nyuso zimenuna, zinanionea aibu. Mzee mmoja alisimama akatoka. Vijana wawili wakamfuata.

"Shemeji," Egidi akasema taratibu, na upole wake ndio ulionichoma, "usimwige marehemu. Inatuuma."

Jasho lilinitoka mpaka kwenye vidole, maiki ikawa inateleza. Niliona lile jiko la Igalula. Niliona mkeka nitakaolazwa pembeni ya madebe ya asali, na Adinani akikohoa mlangoni kabla ya kuingia. Kwenye kioo Kabula alishafukuzwa na begi lake, alishapata kazi ya kupeleka mabakuli ya tambi kwa pikipiki asiyojua kuisimamisha, na mimi nilikuwa nimenyamaza. Filamu ilikuwa inakwenda yenyewe kwa lugha yake. Mwingine akainuka.

Hapo mlango ulifunguliwa, mwanga ukaingia, na ndani ya mwanga alikuwa amesimama Adinani katika kanzu yake ya safari, kijiti cha meno mdomoni. Na kwenye kioo, wakati ule ule, mlango wa duka la tambi ukafunguliwa akaingia mdogo wa yule mume, mwembamba, amevaa suti nyeupe, naye ana kijiti cha meno mdomoni. Mwanamke kwenye kioo akageuka kwa woga. Mtu mbaya hupewa jina papo hapo. Nilitafuta jina la muuza nyama, nikatafuta la mwenye mashine ya kukoboa, yote yakanikimbia. Mdomo wangu ukasema kwenye maiki, kwa sauti yangu mwenyewe ya jikoni:

"Mungu wangu, Adinani huyo kaja!"

Kibanda kilipasuka.

Walimtazama wa kwenye kioo, wakageuka wakamtazama wa mlangoni, wakarudi kwenye kioo. Egidi alipiga paja mpaka akaumia. Aliyekuwa ameinuka akakaa. Na mimi niliogopa. Sikuwa nimekusudia, naapa, lakini neno likishapita kwenye spika huwezi kulirudisha, na lile lilishafika mpaka kwa wauza ndizi wa nje.

Adinani naye akacheka. Ilimbidi acheke, kwani sheria ya kibanda aliijua. Alisimama pale ameegemea mlango, meno nje, macho yake yananiambia mengine. "Endelea, shemeji," akasema. "Nakusubiri umalize."

Nikaendelea. Ningefanya nini? Nyuma yangu hakukuwa na kitu cha kurudia.

Yule wa suti akamwinamia Kabula akisema kwa upole, na mimi nikampa maneno: "Kabula, shemeji yangu, nimekuja na habari njema. Nimekugawia robo yako." Kabula akafumbua macho makubwa. "Robo ya nini, shem Adinani? Ya televisheni?" Yule wa suti akatikisa kichwa. "Hapana." "Ya spika?" "Hapana." Akamwonyesha kiti cha duka, kiti kibovu kimevunjika mguu. "Nimekupa mabenchi."

Waliangua kicheko, kisha kikawakatika, kisha kikarudi kwa nguvu zaidi, kwa sababu wote pale walikuwa wameyakalia. Kijana mmoja wa bodaboda alisimama akalitazama benchi lake, akalipangusa kwa mkono, akakaa tena kwa heshima. Mama Inamahoro alikuwa akicheka na wenzake bila kujua kwa nini. Kisha akaelekeza kidole mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya kutosha watu wote:

"Mwanangu, huyu naye yumo?"

Hilo ndilo lililomshinda Adinani. Aliuachia mlango ukajifunga, akapita katikati ya mabenchi, kanzu ikanasa kwenye msumari wa kaka yake ikachanika, akafika ukutani akachomoa waya.

Giza likaingia, maiki ikafa mkononi mwangu. Nilisikia pumzi za watu, na kwa mbali mtu akiita ndizi. Nilijua yamekwisha. Nikashika ukuta ule ule niliokaa nyuma yake muda wote wa eda. Nililia bila sauti. Na katika kulia huko nilisikia nyaya za spika zikivutwa kwa hasira, nikasikia mguu ukigonga deki, mtu akiguna kwa maumivu. Sijui ni wazimu gani ulioniingia.

"Basi Adinani," nikasema, bila maiki, "akachomoa waya."

Kisha mtu akacheka.

"Sasa anatafuta deki gizani. Haioni. Kaikanyaga. Anajifanya hajaumia."

"Nyamaza, mwanamke!" Adinani alifoka kutoka gizani.

"Anasema nyamaza, mwanamke," nikatafsiri.

Walicheka kicheko nilichokuwa nakisikia ukutani miaka yote ile, ila safari hii kilikuwa chumba kimoja nami. Mama Inamahoro alilalamika kwamba haoni, akainuka akang'oa gunia la dirishani. Jua la alasiri likaingia, likamkuta shemeji yangu ameinama, televisheni begani, nyaya zimemzunguka shingoni, kanzu imechanika hadi magotini. Alituangalia. Nasi tulimwangalia.

"Mpisheni, jamani," nikasema. "Ana mzigo. Ukoo wao ulifika Tabora na misafara, babu zake walibeba pembe za ndovu za watu kutoka Ujiji. Yeye kabeba televisheni ya kaka yake aliyekufa."

Hakuna aliyecheka hapo. Walivuta miguu, wakampisha. Alikwenda kuifunga kwenye bodaboda, akarudi, akachukua deki na spika, akaninyang'anya maiki, akaiona kuwa waya wake umeng'oka, akanitupia miguuni.

"Umenidhalilisha mbele za watu," alisema. "Kesho asubuhi uwe kwenye basi la Igalula. Ukikataa, utakula mabenchi yako."

Bodaboda ikawaka, ikaondoka. Nikaiokota maiki. Nilibaki nimesimama mbele ya meza tupu yenye alama ya mraba kwenye vumbi, mahali televisheni ilipokuwa. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka nyuma ya stesheni.

"Nendeni," nikawaambia. "Nisameheni. Filamu imebebwa."

Hawakunyanyuka. Mwanzoni nilidhani ni huruma, na huruma siku ile ningeitapika.

"Kwa hiyo Kabula je?" akauliza Mama Inamahoro.

"Sijui, mama. Mwisho sijauona."

"Hujui?" Alinikazia macho kana kwamba nimemwibia maharage. "Unaniacha niende Mpanda sijui yule mwanamke kama aliweza kuisimamisha pikipiki?"

"Mama, filamu yenyewe haipo tena."

"Mimi nilikuwa nakusikiliza wewe," akasema. "Wale sikuwaelewa hata neno."

Egidi alikuwa amejiinamia, anakwangua sakafu kwa kidole cha mguu. Aliinua kichwa polepole. "Shemeji," akasema, "yale maneno ya Majidi ya sufuria. Na ya mahari na mchuzi. Yalikuwa ya nani?"

Nilimtazama tu, machozi yananitiririka, na yeye akavua kofia yake ya kazini akaipakata.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea. Nilisimama mbele ya meza tupu nikawapa Kabula wangu. Nikampandisha pikipiki na mabakuli yake, nikampitisha katikati ya harusi, akaondoka na shela ya bibi harusi kwenye usukani. Nikampitisha sokoni, nikampitisha msibani, akiomba radhi huku akipita. Walicheka, na mimi nilikuwa nasema kwa hofu tupu, kwa sababu kila nilipotazama mlangoni kivuli kilikuwa kimerefuka, na kila nilipofikiri kumsimamisha sikuona pa kumsimamishia. Nyumbani hana. Kwa kaka hana. Breki hajui ilipo. Nilimkimbiza na kumkimbiza, nikimwomba Mungu treni isije na jua lisizame, maombi mawili ambayo hayajawahi kukubaliwa siku moja.

Kabula alipofika duka la tambi petroli ikamwishia, pikipiki ikasimama yenyewe mlangoni. Sikuona njia nyingine ya kumsimamisha.

"Akaingia ndani," nikasema, "akakuta shemeji amebeba kila kitu. Sufuria, jiko, kibao cha duka. Kamwachia viti vibovu tu, na mwenye nyumba yuko njiani kuja kuangalia duka. Na kwenye viti hivyo..." Nikakwama. "Kwenye viti hivyo wamekaa watu. Wanasubiri."

"Wanasubiri nini?" mtu akauliza.

"Tambi," akajibu Egidi.

Mlango ukasukumwa. Mzee Bundala aliingia na fimbo yake, nyuma yake mwanga mwekundu wa mwisho. Alituona tumejaa, akatazama meza tupu, akatazama ukuta, akanitazama mimi.

"Wanatazama nini hawa?"

"Filamu, mzee," Egidi akasema bila kugeuka.

"Iko wapi?"

"Imebebwa."

Kijana wa bodaboda akasogea kumpisha, mzee akajikalisha kwenye benchi la nyuma, akiukwepa msumari. Akamgusa bega jirani yake. "Imefika wapi?"

"Shemeji kabeba vyombo vyote, mzee. Mwanamke kabaki na watu."

Kwa mbali honi ya treni ikalia. Mama Inamahoro alilishika gunia lake lakini hakuinuka.

"Harakisha, mwanangu," akasema. "Na mwenye nyumba? Mwenye nyumba alisemaje?"

Nilifungua mdomo. Tangu nianze kumtia Kabula maneno jikoni kwangu sikuwahi kukosa la kumwambia, lakini lile halikuwa langu kulitunga. Ningeweza kulisema, na wangecheka, na kesho asubuhi basi la Igalula lingeondoka nami. Nilimtazama mzee mwisho wa chumba. Mmoja baada ya mwingine, wote wakageuka kwenye mabenchi yangu wakamtazama yeye.

Mzee Bundala alikohoa. Alitazama kenchi, akatazama sakafu iliyojaa maganda ya karanga, akakunja uso.

"Mwenye nyumba," akasema, "anasema kesho afagie vizuri kabla hajafungua."

Treni ilikuwa inaingia. Niliinua ile maiki isiyo na waya mpaka mdomoni, kwa mikono miwili.

"Anasema nibaki," nikatafsiri.